Itakuwaje Mtu Akijaribu? Maswali ya Vijana wa Mwaloni

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi, karibuni sana, naona waliotoka Igombe wamefika na wa Luchelele nawaona kule nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Mimi nafundisha fizikia, nimeombwa niongee hapa mwaloni, hapa boti za wavuvi zinapofunga, kuhusu usalama kwenye Ziwa Victoria letu la Mwanza, lakini leo siwasomei sheria. Niliomba kila mtu aandike kwenye karatasi swali moja linaloanza na itakuwaje, yani itakuwaje mtu akijaribu kitu fulani, na nimeyasoma yote. Ni maswali mazuri mno.

Kabla sijajibu niseme jambo moja linaloniuma. Kijana akiuliza swali la namna hii nyumbani anajibiwa utakufa, basi imeisha. Alafu kesho anamuona mwenzake kafanya kilekile na hajafa, karudi anacheka, kwaiyo anaamini watu wazima tunamtisha tu, na siku tukimwambia hatari ya kweli hatusikilizi tena. Mimi nataka swali lijibiwe mpaka mwisho, kwanza kinatokea nini, alafu nini, na ni hatua ipi hasa ndo inayoua, manake mara nyingi sio ile anayoiogopa muulizaji.

Wengi mmeuliza kuhusu kuzamia, yale mashindano ya nani atakaa chini muda mrefu. Mmoja ameandika itakuwaje nikihema haraka haraka mara nyingi kabla sijazama, si ntakuwa nimejaza oksijeni? Mdogo wangu uliyeandika hili popote ulipo, swali lako ni zito. Jibu ni kwamba hujajaza kitu. Damu ya mtu mwenye afya akipumua kawaida tu imeshabeba oksijeni asilimia 95 kwenda juu ya ile inayoweza kubeba, sasa ukihema haraka unaongeza kidogo sana. Unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi. Na hapa ndo penyewe, ile hali ya kifua kubana, kwamba lazima nitoke juu sasa hivi, kwa sehemu kubwa hailetwi na oksijeni kupungua, inaletwa na kaboni dayoksaidi kupanda. Ukiitoa kabla ya kuzama umelizima onyo la mwili wako mwenyewe. Uko chini unajisikia poa kabisa, unajiambia leo nawashinda wote, huku oksijeni inaisha kimyakimya, alafu unazimia bila kuhisi chochote, na aliyezimia majini mwili wake unakuja kuvuta pumzi wenyewe, unavuta maji. Hamna kurusha mikono hamna kelele. Wenzako huku juu wanahesabu na kushangilia kwamba umeweka rekodi. Inawakuta waogeleaji wazuri, tena hao ndo zaidi, na wala sio lazima pawe na kina, hata kwenye maji ya kifuani inatokea. Naomba mashindano hayo yaishe kabisa, hili nawaomba kwa moyo wote.

Sasa swali la kuogelea ziwani kutoka Kigongo mpaka Busisi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 naona watu wanalitazama wanasema mbona karibu tu. Daraja ni kilomita 3. Muogeleaji wa kawaida, sio wa mashindano, anaenda kama kilomita 2 kwa saa akiwa hajachoka, kwaiyo tuseme saa moja na nusu mpaka masaa mawili kwa sababu kuna mawimbi. Watu wanauliza mamba na kiboko, ni kweli wapo ziwani na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba hutakutana nao, lakini mimi naanza na vitu ambavyo una uhakika wa kuvikuta. Upepo wa ubavuni ukikusukuma nusu kilomita tu kwa saa, baada ya masaa mawili uko kilomita nzima pembeni ya ulipokusudia, na hujui, manake kichwa chako kipo kama sentimita 15 juu ya maji na kwa urefu huo upeo wa macho yako ni kilomita moja na kitu hivi. Vilima unaviona, ufukwe wenyewe huuoni. Kuna nyavu, kuna magugu maji yanayohama na upepo, leo hapa kesho kule, na kuna boti zenye injini ambazo muendeshaji wake hatarajii kabisa kukuta kichwa cha mtu katikati ya maji. Baridi je? Maji yetu yana nyuzi joto kama 24 au 25 hivi, mkononi unaona vuguvugu, ila maji yanachota joto la mwili haraka kuliko hewa, kama mara 25, kwaiyo kwa masaa mawili haikuui baridi bali misuli inaanza kugoma. Kwa hiyo mtu mwenye mazoezi ya kweli, mwenye boti inayomfuata pembeni na watu wawili ndani yake wasiotoa macho kwake, anaweza kuvuka. Huo ndo ukweli na siuchukii kuusema. Aliyejaribu peke yake bila boti, anapoishia ni kwenye ile kilomita ya mwisho, akiwa amechoka na upepo umegeuka, na hakuna wa kumuona.

Kichocho naomba nikipitie haraka. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa ufukweni, vinatoka kwa wingi jua likiwa kali mchana, na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Dawa ipo, prazikwanteli, nenda zahanati usingoje tumbo lijae.

Kuhusu Jiwe la Bismarck, lile jiwe kubwa la pale ziwani, na radi. Ukisimama juu pale wakati wa dhoruba wewe ndo kitu kirefu eneo lote na jiwe limelowa, sina la kuongeza. Swali zuri zaidi ni mnatoka saa ngapi. Wavuvi wa dagaa mnafanya kazi usiku na ziwa letu ndo usiku linatengeneza dhoruba zake, manake usiku nchi kavu inapoa haraka wakati maji bado yana joto, hewa inatoka kila upande kwenda ziwani, zinakutana, zinapanda juu, mawingu yanajengeka kuanzia usiku wa manane mpaka alfajiri. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa chini ya sekunde 30 uwe unarudi tayari, na ukishafika nchi kavu ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Sasa hili ndo limenileta hapa. Karatasi moja imeandikwa kwa herufi kubwa, ITAKUWAJE CHOMBO KIKIPINDUKA NIKABAKI NDANI. Wenye umri wangu tukisoma hivyo tunajua tunawaza nini. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka ikiwa imeshakaribia kabisa Mwanza, iliruhusiwa kubeba abiria 430 na waliokufa ni zaidi ya 800, makaburi yao yapo Igoma pale, mnapita kila siku. Ilipopinduka haikuzama mara moja, ilielea tumbo juu kwa masaa, na watu walikuwa wanasikika wanagonga kwa ndani. Uamuzi ukafanyika wa kutoboa chuma ili watolewe. Naombeni lile beseni la maji na kikombe.

Angalieni. Nakizamisha kikombe kikiwa kimeinama mdomo chini. Maji hayajaingia yote, hewa imebaki humo, na ukikiachia unaona kinataka kupanda, ile hewa ndo inakibeba. Hiki cha pili cha plastiki kina tundu nimeliziba na kidole kwa juu. Natoa kidole. Mmesikia hewa ilivyotoka? Na kikombe kimeenda. Hewa ya ndani imebanwa na maji kutoka chini, ina presha kubwa kuliko ya nje, ukifungua upande wa juu haingoji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, tundu lilipofunguka hewa iliyokuwa inawapa watu pumzi na inaibeba meli ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa wanasikia ndugu zao wanagonga, walifanya kwa mapenzi, na sitaki mtu yeyote hapa awaseme vibaya. Ila fizikia ya hili beseni inafundishwa sekondari, na kwangu hiyo ndo sababu maswali haya yajibiwe mapema, mchana kama huu, watu wakiwa wametulia. Ingekuwaje wasingetoboa? Meli ingehitaji kufungwa kwanza isizame, kwa vyombo vingine au maboya makubwa, na wazamiaji waingie kutokea chini, na wazamiaji wenye vifaa hawakuwepo karibu, wa Afrika Kusini walifika baadae na kazi yao ikawa kutoa miili.

Na aliyeko ndani ana muda gani? Mtu aliyetulia anatoa kama lita 15 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Nafasi ya hewa ya mita moja kila upande ni lita 1000. Baada ya masaa matatu na kitu imefika asilimia 5, kichwa kinauma anahema sana, ikikaribia asilimia 10 anapoteza fahamu. Wakiwa wawili muda unagawanyika nusu, wakihangaika na kupiga kelele unapungua zaidi. Nafasi ikiwa kubwa hali inabadilika kabisa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kwenye kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai siku mbili baadae, alikuwa sehemu iliyobaki na hewa. Kwaiyo ukibaki ndani, tafuta hewa ilipo juu yako, tulia, toa mwili majini kadri unavyoweza, gonga kwa vipindi. Na mlio nje, msitoboe. Pigeni 114 ya zimamoto na uokoaji, semeni mahali na semeni kuna watu ndani.

Kama umerushwa nje ya mtumbwi, baki na mtumbwi. Mbao inaelea hata ikijaa maji, na mtumbwi uliopinduka unaonekana mbali kuliko kichwa. Kwenye Titanic mwaka 1912 wengi waliovaa majaketi okozi walikufa kwa baridi, bahari ilikuwa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Sisi ziwa letu linatupa masaa mengi, anayeyapoteza ni yule anayeamua kuogelea kwenda kwenye taa anazoona kwa mbali.

Nimalizie na swali ambalo hakuna hata mmoja ameliandika, na nadhani halikuandikwa kwa sababu tunalifanya kila siku mpaka halionekani tena kama ni kujaribu. Itakuwaje tukiongeza wawili tu? Nimelipigia hesabu. Boti ya mita 9 kwa 1.8, eneo lake pale maji yanapofika ni kama mita za mraba 11, maana yake kila kilo 110 zinaizamisha sentimita moja. Watu wawili na mizigo yao, sentimita moja na nusu hivi. Kwaiyo yule anayesema wawili hawawezi kuizamisha boti anasema kweli kabisa! Lakini boti zetu hazifi kwa kushuka chini, zinapinduka. Ukingo ukiwa sentimita 30 juu ya maji, boti ikilala nyuzi 10 tu, upande mmoja unashuka kama sentimita 16, zimebaki 14, wimbi dogo linaingia, na maji yaliyoingia yanakimbilia upande ulelule ulioinama. Wale wawili walioongezwa hawakai katikati chini, nafasi imejaa, wanakaa ukingoni au wanasimama, uzito unapanda juu. Alafu ukikaribia nchi kavu wote wanainuka kuwahi kushuka. MV Nyerere iliruhusiwa watu 101, walikufa 228 na waliookolewa walikuwa 41, na ilikuwa imeshakaribia gati.

Ndio mzee, nakusikia. Mzee anauliza kama umeshapanda na imeshajaa ufanyeje, kushuka huwezi. Kaa chini kabisa sakafuni, mizigo ishushwe katikati, jaketi okozi livae sasa hivi usilikalie manake ukiwa majini hutalivaa kirahisi, na mkifika mwaloni asiinuke mtu mpaka kamba ifungwe, alafu mshuke mmoja mmoja kuanzia wa mbele.