Hammer DeRoburt na kisiwa alichokikataa

Kila nikiitaja Nauru, nchi ya kisiwa kimoja huko Pasifiki, kuna mtu anacheka. Wewe hapo nyuma, nimekuona. Najua unachotaka kusema: kisiwa cha kilomita za mraba 21 kilitajirika kwa fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, kikajenga jengo la ghorofa 52 Melbourne, kikafilisika. Nimekisikia kisa hicho hadi kimenichosha. Nasikia hata ule mchezo wa jukwaani wa London wa mwaka 1993, uliopoteza pesa za Nauru, anabebeshwa mzee DeRoburt, rais wao wa kwanza. Jamani, alifariki Julai 1992! Marehemu naye mnamdai?

Ngoja tuanze na jiwe lililotoka Nauru. Lilikuwa linazuia mlango wa ofisi moja Sydney, watu wakilipiga teke wakipita. Mwaka 1900 Albert Ellis, mfanyakazi wa ofisi hiyo, akalipeleka kupimwa: fosfeti safi. Anayeijua mbolea ya Minjingu anajua ninachokisema. Mjerumani ndiye aliyekuwa na kisiwa wakati huo, kama alivyokuwa na Tanganyika. Wenye ardhi walilipwa nusu peni kwa tani. Baada ya vita ya kwanza Uingereza, Australia na New Zealand wakaunda shirika lao, wakawa wanawauzia wakulima wao fosfeti kwa bei ya gharama tu. Yaani mashamba yao yalinawiri kwa ardhi ya watu wengine, halafu sisi tunamcheka mwenye ardhi.

Sasa DeRoburt. Alizaliwa 1922, akasomea ualimu Geelong, Australia. Wajapani walipokiteka kisiwa waliwahamishia Wanauru 1,200 Truk, visiwa vya mbali vya Pasifiki vilivyokuwa mikononi mwao, naye akiwemo. Waliorudi hai, tarehe 31 Januari 1946, walikuwa 737. Shikeni tarehe hiyo. Mwaka 1956 akawa Chifu Mkuu.

Ndipo Australia ikaja na hisani yake. Kisiwa kinakwisha, ikasema, hameni. Tutawapa kisiwa cha Curtis, karibu na mji wa Gladstone, jimbo letu la Queensland, ardhi inayozidi yenu zaidi ya mara 20, na uraia wetu juu. Tafadhali kumbukeni ni Australia ile ile iliyokuwa na sera ya kuwazuia wasio weupe kuhamia kwake! Hapa ndipo mtu huniuliza, "Kwani si bora wangekubali? Leo wangekuwa na maji na miti." Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno, na kila mara anayeuliza ana kwao pa kurudi jioni. DeRoburt hakukataa kuhama tu kwa ubishi. Alitaka wakifika Curtis wajitawale wenyewe, wawe nchi. Australia ikasema hapana, mtakuwa na kitu kama baraza la mji. Baraza la mji! Mtu ametoka Truk, amezika ndugu zake ugenini, unamwambia atakwenda kupanga uzoaji wa takataka chini ya Brisbane, makao makuu ya Queensland. Mwaka 1964 akakataa. Baadhi ya wakazi wa Queensland nao hawakuwataka, lakini hilo sikulisema ili nisiharibu hisani.

Akaenda Umoja wa Mataifa, kwenye lile baraza la udhamini ambalo wazee wetu wa Tanganyika walilipelekea malalamiko yao. Uhuru ukaja 1968. Tarehe? 31 Januari. Aliichagua makusudi, siku ya waliorudi kutoka Truk.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Mitambo ya fosfeti waliinunua kwa dola milioni 21 za Australia, na 1970 ikawa mikononi mwao. Akawa rais, akatawala muda mrefu, akitolewa na kurudi, kwa sababu bunge lao lilikuwa dogo na kura moja ilitosha kumwangusha. Nilitaka kuongelea shirika la ndege, sina nafasi. Na msiseme namtakasa: baada ya uhuru uchimbaji uliendelea, tena kwa kasi, na ukipanda juu kisiwani leo unaona minara ya chokaa imesimama kama meno, katikati yake mashimo, hata mbuzi hapati pa kukanyaga. Hilo nalo ni lake.

Lakini Mei 1989, akiwa rais, Nauru iliishtaki Australia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, kwa uharibifu wa kabla ya uhuru. Agosti mwaka ule ule bunge likamwondoa. Mwaka 1993 Australia ikakubali kulipa dola milioni 107, nje ya mahakama, mzee akiwa kaburini.

Maikrofoni mpelekeeni yule ndugu aliyecheka.