Wamekuita kichaa kazini wakakufukuza? Acha kuwathibitishia una akili timamu

Mambo vipi jamani, karibuni tena, leo niko ndani ya gari maana humo ndani watoto wamewasha TV na hakuna anayemsikia mwenzie. Wiki hii inbox yangu imejaa swali moja tu, la wa huku Marekani na la wa nyumbani: dada nimeachishwa kazi, wanasema akili yangu haiko sawa, nifanyeje. Na kila anayeniandikia anaanza kunieleza kwamba yeye si kichaa, anaanzia darasa la kwanza, alikuwa wa ngapi, ana vyeti gani, hajawahi hata kugombana na mtu. Sasa mimi nimekuuliza? Ndio nikasema hii nitoe video kabisa, kwa sababu hapo hapo ndipo watu wanapopoteza kesi hata haijaanza.

Ngoja niwape ya mwenzangu mmoja hapa Ohio, ameniruhusu niseme bila jina lake wala la kituo alichokuwa anafanyia kazi. Ni CNA, wale wasaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee, mnaijua wenyewe hiyo kazi, kugeuza wagonjwa, kuogesha, kulisha, shifti mbili mfululizo mgongo unawaka moto. Mama yake akafariki, Tanga. Nauli ya ghafla haikupatikana, mazishi akayaona kwenye simu, akarudi kazini haraka haraka maana huku mwenye nyumba hajui msiba wako. Basi yuko chumba cha mapumziko anaongea na dada yake, Kiswahili, analia, analia kile kilio chetu sio kile chao cha kugusa jicho na tishu. Mfanyakazi mmoja akapita akaona mama kajitanda, simu iko mfukoni, anaongea kwa sauti na ukuta. Hedifoni ilikuwa ndani ya mtandio! Yule akaenda moja kwa moja kwa supavaiza, huyu mama anaongea peke yake.

Na supavaiza wala hakumuuliza, na swali lilikuwa moja tu, vipi leo kuna nini. Akaitwa HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi, akapewa karatasi, kwamba kuna "wasiwasi wa usalama", asirudi mpaka aende kwa daktari wa akili waliyemchagua wao aandike kama anafaa kukaa na wagonjwa. Yeye akaenda kwa daktari wake wa siku zote, akaandikiwa huyu kafiwa, kazi anaweza. Wakaikataa hiyo barua. Baada ya muda ikaja meseji kutoka kwa mpanga ratiba kwamba shifti zake zimeondolewa, halafu barua yenyewe ikaja imeandikwa ameiacha kazi kwa hiari yake. Yaani umemfungia mtu mlango halafu unaandika hakuja!

Na hapo habari zilikuwa zimeshatua Tanga zamani. Group la jumuiya hili, mtu kapost tumuombee dada yetu amechanganyikiwa, basi, shangazi mtu kashaanza kutafuta sheikh wa kumsomea. Mimi dua siipingi hata kidogo, asomewe, lakini kisomo hakisimamishi siku za kupeleka malalamiko, na siku zilikuwa zinahesabika.

Sasa sikilizeni. Marekani, karibu kila jimbo ukitoa Montana, mwajiri anaweza kukutoa leo asubuhi bila kukupa sababu yoyote, na kisheria yuko sawa. Ndio maana watu wengi wanakata tamaa wanasema huku hakuna haki, rudi tu kabebe boksi kwingine. Lakini kuna sababu ambazo haruhusiwi, na mojawapo imo kwenye sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, ile wanayoiita ADA, inayowabana waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 15. Watu wakisikia ulemavu wanawaza wheelchair. Ile sheria inamlinda pia mtu ambaye HANA tatizo lolote ila mwajiri kamchukulia kwamba analo. Na mwaka 2008 Bunge lao la Congress likairekebisha likairahisisha hapo hapo, zamani ulitakiwa kuonyesha mwajiri aliamini tatizo lako ni zito la kukuzuia mambo makubwa ya maisha, sasa hivi inatosha kuonyesha kwamba alikufukuza kwa sababu ya ugonjwa anaoudhani yeye.

Umenielewa hapo? Swali sio una kichaa au huna. Swali ni yeye alifikiria nini na akafanya nini kwa hayo mawazo yake. Kwa hiyo ukienda na mafaili ya kuthibitisha una akili timamu unacheza mechi ya mwenzio kwenye uwanja wake, na ukikasirika ukapandisha sauti kidogo tu wanaandika "tulisema sisi".

Ila msije mkasema sikuwaambia, ina mitego. Mwajiri anaweza kujitetea kwamba hilo tatizo ni la muda mfupi, miezi sita au pungufu, na tena ni dogo. Vyote viwili kwa pamoja, sio kimoja. Kwa mwenzangu hapo ndipo ile karatasi yao ikawageuka, maana wao hawakuandika huzuni, hawakuandika msiba, waliandika wasiwasi wa usalama, yaani hatari kwa wagonjwa, sasa hatari utaiitaje ndogo? Mtego wa pili, ukipita njia hii ya "wamenidhania" huwezi tena kudai wakurekebishie ratiba au wakupe nafuu fulani kazini, hizo ni za mwenye tatizo la kweli. Na kama unalo kweli, depreshen, bipola, chochote, usione aibu, njia yako ni nyingine na wakati mwingine ina nguvu zaidi, mwambie wakili mapema usimfiche.

Halafu kuna kile kipimo, mimi naona hapo ndipo penye nyama ya hii kesi. Mwajiri hawezi kuamka tu akakutuma kwa daktari wa akili, ADA hiyo hiyo inataka kipimo kiwe kinahusiana na kazi yako na kiwe na ulazima wa kweli, kwa mambo aliyoyaona, sio umbea wa chumba cha chai. Na kudai hili hutakiwi kuthibitisha una ulemavu wowote. Kuna kesi ya mama mmoja wa Michigan, Emily Kroll, alikuwa anafanya kazi kwenye ambulensi, bosi akamwambia nenda ushauri nasaha kwa sababu ya mambo ya maisha yake binafsi na mahusiano, akakataa, kazi ikaishia hapo. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita ikasema mwaka 2012 kwamba hata kutumwa kwa mwanasaikolojia kunaweza kuhesabiwa ni kipimo cha kitabibu, na mwaka 2014 ikasema tena kesi iende kwa wazee wa baraza, wale wanaoitwa jury, waamue kama bosi alikuwa na sababu ya kikazi. Hiyo mahakama ndio inasimamia na Ohio, kwa hiyo kwetu hapa ni kama imeandikwa kwa ajili yetu.

Lakini usikatae kwa mdomo ukaondoka kwa hasira! Kama agizo lao ni halali, kukataa kwenyewe kunakufukuzisha. Andika imeili fupi kwa adabu: tukio gani mmeliona, lini, linagusa kazi yangu ipi, nani analipa huyo daktari, ripoti inakwenda kwa nani. Mwenzangu aliandika hiyo imeili usiku tumekaa jikoni kwangu, mistari minne, hawakuijibu mpaka leo, na huko kutojibu kwao baadae kulisema mengi kuliko maneno yake yote ya kujitetea.

Meseji za ratiba, piga skrinshoti zenye tarehe, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe. Ila mnaofanya kazi na wagonjwa naomba mnisikie vizuri, USIPIGE picha faili la mgonjwa, hata kama ndani yake kuna ushahidi wako, maana mwajiri akigundua umebeba siri za watu anapata sababu mpya ya kusema hata tusingekufukuza jana tungekufukuza leo, na mahakama yao ya juu kabisa tangu 1995 inakubali hilo likupunguzie malipo hata kama ulionewa kweli.

Malalamiko yanakwenda EEOC, tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini, hulipi hata senti, huhitaji wakili kufungua. Muda ni siku 180, ila majimbo yenye tume yao, Ohio ikiwemo, ni 300. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Zinaanza siku uliyoambiwa, sio siku ya mwisho kazini, na kukata rufaa ya ndani kwa HR hakusimamishi saa, hapo wanawamaliza wengi, "subiri tunalifuatilia", unasubiri kwa heshima za Kiafrika mpaka muda unaisha. EEOC wakimaliza wanakupa barua ya ruhusa ya kushtaki, una siku 90 tu. Fidia ya maumivu na adhabu ina kikomo, dola 50,000 kwa kampuni ndogo mpaka 300,000 kwa zenye watu zaidi ya 500, mishahara uliyoikosa iko nje ya hicho kikomo. Kwa hiyo wale wa "utakuwa milionea" kwenye TikTok waacheni.

Na cheki! Wakikupa cheki na karatasi ya kusaini siku ile ile, isome, mara nyingi imeandikwa hutawashtaki kamwe. Sema naenda nayo nyumbani.

Wa Bongo mnaoniuliza je sisi, kwenu muda ni mfupi mno, malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, fomu namba 1, ukichelewa uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana. Ila mna kitu ambacho sisi huku tunakitamani, ukishapita miezi sita kazini, sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ndio athibitishe sababu yake ni halali na utaratibu kaufuata, wewe hubebi huo mzigo. Na wa Kenya, kifungu cha 41 cha Employment Act ya 2007, lazima usikilizwe kwanza ukiwa na mwenzako au mtu wa chama, kwa lugha unayoielewa.

Mwenzangu? Waliyamaliza mezani na msuluhishi wa EEOC, kiasi siwezi kusema, kimefungwa kwenye makubaliano. Alichong'ang'ania zaidi ya hela ni kwamba akiulizwa na mwajiri mpya kile kituo kitaje tarehe na cheo tu, na lile neno la kuacha kazi kwa hiari litoke kwenye faili lake. Likatoka. Sasa hivi yuko kituo kingine.

Mwenye swali aandike inbox, msiniwekee barua zenye majina ya kampuni kwenye komenti, nitazifuta.