Kushusha Gia Boksi ya Otomatiki ya Mercedes W123 Uani

NEEMA: Wasikilizaji, karibuni. Kaka Hamisi yuko nami, na kucha zake bado zina weusi wa oili. Tuambie ulikuwa wapi.

HAMISI: Uani kwangu, dada Neema, chini ya Mercedes ya marehemu baba. Toleo la W123, modeli 300D ya dizeli ya mwaka 1983, otomatiki ya gia nne. Nimeishusha gia boksi kwa siku mbili, mdogo wangu akinisaidia.

NEEMA: Ulijuaje kwamba lazima ishuke?

HAMISI: Swali hilo ndilo lingewaokolea wengi fedha. Mercedes hizi za dizeli zina pampu ya kuvuta hewa. Mvuto ule ule ndio unaofunga milango, ndio unaozima injini, na ndio unaolainisha gia zinapobadilika. Sasa kibomba kikipasuka hata kule mlangoni, gia zinaanza kupiga teke. Mwenye gari anaambiwa gia boksi imekufa, kumbe kilichokufa ni mpira.

NEEMA: Mtu wa kawaida atatambuaje?

HAMISI: Zima gari kwa ufunguo. Injini ikiendelea kunguruma, anza na mabomba ya mvuto. Kisha kuna kile kikopo cha mvuto ubavuni mwa gia boksi. Chomoa bomba lake. Ukikuta oili nyekundu ndani, utando umechanika. Kile kinabadilishwa bila kushusha chochote.

NEEMA: Na ya baba?

HAMISI: Mvuto ulikuwa mzima, nilipima. Oili ilikuwa kwenye kipimo, ila nyeusi na inanuka kuungua. Ukiweka D inasita, ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele na gari halisogei. Hapo klachi za ndani zimeisha.

NEEMA: Uliinuaje gari lenyewe?

HAMISI: Nililiweka juu ya stendi nne za chuma, kwenye sakafu ya zege. Hilo sitalipunguzia maneno. Gari lina karibu tani moja na nusu. Jeki ni ya kunyanyulia tu, na matofali yanapasuka bila kukuonya. Nilipomaliza nikalisukuma kwa bega kila upande, ndipo nikaingia chini.

NEEMA: Ukaanza wapi?

HAMISI: Nyaya hasi ya betri. Kisha nikamwaga oili. Kwenye gari hili konvata, ile ngoma ya oili inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, nayo ina kizibo chake, kwa hiyo imwage pia, la sivyo utalowa baadaye. Ekzosi nikaitoa, propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nikaifungua mbele kwenye mpira na kuirudisha nyuma kidogo. Mabomba mawili ya kupoozea, kebo ya spidi, fimbo ya gia, nyaya za umeme, bomba la dipstiki. Kila kitu nilikipiga picha kwa simu kabla ya kukigusa.

NEEMA: Wewe umetaja konvata mara moja ukapita. Mimi najua ndiyo iliyokuumiza zamani.

HAMISI: Iliniumiza kwenye gari la mjomba, miaka ya nyuma. Konvata inashikana na sahani ya injini kwa boliti sita. Unazifikia kwa chini, kupitia kidirisha, huku mwenzako anazungusha injini kwa soketi ya milimita 27 kwenye boliti ya mbele ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Anazungusha upande ule injini inaozunguka ikiwaka, hairudishi nyuma. Zote sita zikitoka, konvata inashuka pamoja na gia boksi.

NEEMA: Na wewe hukufanya hivyo.

HAMISI: Konvata niliiacha ikachomoka nusu. Wakati wa kurudisha haikukaa mpaka mwisho kwenye pampu ya oili ya gia boksi, nami nikaikaza kwa boliti za gia boksi ili ijifunge yenyewe. Pampu ikavunjika. Mjomba alikaa wiki kadhaa bila gari, na hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana safari hii, gia boksi ilipoachana tu na injini, niliifunga konvata kwa kamba ya waya isiteleze.

NEEMA: Wakati wa kurudisha, uhakika unaupata wapi?

HAMISI: Unaizungusha huku unaisukuma ndani, utasikia ikiingia hatua kwa hatua. Ukishaibana gia boksi na injini, kabla ya zile boliti sita, konvata lazima izunguke kwa mkono na isogee kidogo mbele na nyuma. Ikiwa imekwama, fungua tena. Usikaze.

NEEMA: Sehemu gani ilikuchosha zaidi?

HAMISI: Boliti za juu. Mkono haufiki. Toa mauntini ya nyuma, ile inayoshikilia gia boksi, shusha mkia wa gia boksi taratibu, injini iiname, halafu tumia ekstensheni ndefu kutokea nyuma. Ila mtu mmoja abaki boneti ikiwa wazi akitazama feni isikwaruze rediata. Na weka jeki yenye ubao chini ya injini, maana gia boksi ikitoka injini haina tena kinachoishikilia kwa nyuma.

NEEMA: Sasa iko wapi?

HAMISI: Juu ya meza, imefunikwa kanga safi ya mama. Namba iliyogongwa ubavuni, juu ya sinia la oili, nimeiandika yote, inaanza na 722.3. Bila namba ile kamili unaweza kununua klachi na sili zisizo zake. Jumamosi naifungua. Nakuomba uje na taa yako ile ya kichwani.

NEEMA: Nitakuja nayo, na kinasa sauti.