Elki, Kaliba na Bega Lako

Ndugu zangu wawindaji, hili la kulenga kwanza, kaliba (upana wa risasi) baadaye, nimeshalisema hapa Colorado mpaka wengine mkiniona mnabadili njia. Na bado msimu wa kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, ukikaribia simu inalia: "Mzee, ninunue kaliba gani ya elki?" Hakuna anayeuliza alenge wapi.

Sheria ya jimbo haina makuu. Kaliba isipungue milimita 6, kichwa cha risasi kiwe cha kupanuka, kisipungue greni 85 (kama gramu tano na nusu), na kikifika yadi 100 kiwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000. Yaani risasi za kawaida za .270, .308, .30-06, zote zimo tena kwa raha. Hiyo .30-06 ni ya mwaka 1906! Elki dume ni kilo mia tatu na kitu. Pofu dume wa kwetu humzidi mbali. Lakini mtu anatoka dukani na .300 Winchester Magnum, yenye baruti nyingi zaidi, kwa sababu kaambiwa elki ni mnyama sugu.

Watu wa namna hiyo nina dawa yao. Kwenye uwanja wa shabaha namjazia bunduki mimi, yeye haoni. Risasi mbili za kweli, ya tatu ya mazoezi, haina baruti. Mbili za kwanza zinalia, anasugua bega, anacheka. Ya tatu, ka! Kimya. Lakini mtutu umezama chini, bega limeruka mbele, macho kayafumba. Mlipuko hakuna, na mtu kashtuka! Ingekuwa ya kweli ingeingia tumboni, na mngemtafuta elki huyo porini hadi giza.

Wenye miraba minne huniambia, "Mimi teke la bunduki silisikii." Sawa, mbele ya elki hulisikii, damu imechemka. Ila mwili ulilisikia uwanjani, na haujasahau. Teke la .300 linalizidi la .30-06 kwa kama theluthi hivi, bunduki zikiwa na uzito mmoja.

Najua kuna mmoja hapo nyuma anataka kunitajia Bell. Naam, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, akaua tembo kwa mamia kwa .275 Rigby, kabunduki ambako leo mngekacheka. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno apate kujua ubongo umekaa wapi. Tena alisogea karibu, na risasi zake zilikuwa ngumu, zisizopanuka, ambazo hapa kwa elki ni marufuku. Kwa hiyo msimfanye Bell kisingizio. Mkitaka kumwiga, anzeni na msumeno.

Shabaha ni nyuma kidogo ya bega, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Upepo na umbali nilivipangia muda, naona naoneshwa saa. Haraka basi: nunueni vichwa vya risasi vilivyoungwa imara, visivyosambaratika mfupani, pesa ya magnum iende huko. Na 6.5 Creedmoor, risasi ya teke dogo, kabla hamjauliza: inatosha, ukiwa karibu na ukawa na subira mpaka akupe ubavu.

Haya, maswali.