"Inaonekana Mungu Hayupo": Ninavyofundisha Fikra za Kikatoliki

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mjini, mbele ya wanafunzi, walimu, watawa na wageni waalikwa.)

Tumsifu Yesu Kristu. Na ndugu zangu Waislamu mliofika, asalaam aleikum. Nawashukuru kwa kuja na joto lote hili. Feni moja imegoma tangu mchana, kwa hiyo tutavumiliana.

Nimeombwa nieleze namna ninavyofundisha fikra za Kikatoliki katika darasa la falsafa. Kipindi cha kwanza cha kila mwaka huwa ni kilekile. Naingia, nachukua chaki, naandika ubaoni: "Inaonekana Mungu hayupo." Kisha nanyamaza. Wenye haraka wananakili. Wengine wanatazamana. Mwaka mmoja sista aliyekaa mbele aliweka kalamu chini, akanitazama kama abiria aliyepanda basi la Newala akajikuta Kilwa. Nikamuuliza, "Sista, maneno haya ni ya nani?" Akajibu, "Ya wapagani, Profesa."

Ni ya Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Ndivyo alivyoandika katika Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, alipofika kwenye swali kama Mungu yupo. Anaanza na upande unaokataa, na anaupa nguvu zake zote. Pingamizi la kwanza: kama ungekuwapo wema usio na mpaka, uovu usingepata hata pa kukanyaga, lakini uovu tunauona, basi Mungu hayupo. La pili: yanayotokea duniani yanaelezeka kwa maumbile na kwa utashi wa watu, kwa nini tuongeze Mungu? Aliyeandika hivyo ni mtawa Mdominiko wa karne ya 13. Kijana anayedhani ukanamungu umeletwa na simu janja, namwambia asome ukurasa huo.

Baada ya hapo ndipo Thoma anasema "lakini kinyume chake", anatoa jibu lake, halafu anarudi kwenye mapingamizi, moja moja, hadi la mwisho. Umbo hilo lilitoka kwenye midahalo ya vyuo vya wakati wake, Paris na kwingine, ambako mtu alisimama akatupiwa hoja mbele ya watu, na mwalimu ndiye aliyefunga mjadala kwa kuzijibu. Wengi wetu tumerithi majibu ya Thoma, tukayaacha mapingamizi njiani. Ni sawa na kumwita mzee aamue shauri la shamba, kisha ukamzuia mlalamikaji mlangoni.

Nami nimefanya kosa hilo. Nilipoanza kazi, katika chuo ambacho sitakitaja, nilifundisha kwa kuamrisha. "Andikeni: njia tano za Thoma za kuonyesha kwamba Mungu yupo, ya kwanza..." Wao wanaandika, mimi nafuta ubao. Mtihani ulipokuja, walijibu vizuri sana. Nikasahihisha karatasi zaidi ya arobaini huku nafurahi, mpaka nilipogundua kwamba karibu zote zina neno moja lililokosewa herufi, na limekosewa namna ileile. Kosa lilikuwa langu. Nililiandika ubaoni, wakalibeba kwenye madesa, wakalirudisha kwangu kama lilivyo. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mimi sikulala vizuri siku ile. Kama kosa langu la tahajia limepita vichwa arobaini bila kuguswa, basi na ukweli niliowapa umepita vilevile.

Tusielewane vibaya hapa. Simsemi katekista. Katekista wa kigangoni, anayekwenda kwa miguu au kwa baiskeli kuandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza, ana kazi yake, na wengi wetu tusingekuwa hapa bila yeye. Darasa la falsafa lina kazi nyingine. Wapo pia walimu wanaoufundisha Ukatoliki kama makumbusho: hiki ni chungu, hiki ni mkuki, huyu ni Anselmi, mwanateolojia wa zamani, tusogee. Nao siwafuati. Papa Yohane Paulo II mwaka 1998 aliandika kwamba imani na akili ni kama mabawa mawili ambayo kwayo roho ya binadamu huinuka kuutazama ukweli. Tunapenda sana kunukuu hilo kwenye mahafali. Tukirudi darasani, tunalifunga bawa moja kwa kamba.

Sasa niwapeleke kwenye kipindi ninachokipenda kuliko vyote, maana kinahusu korosho.

Thoma ana swali juu ya udanganyifu katika kuuza na kununua. Humo anamleta mfanyabiashara aliyepakia ngano, akafika mji ambao ngano ni ghali. Anajua kwamba nyuma yake wanakuja wengine na ngano nyingi. Akisema, bei inashuka. Je, anawajibika kusema? Kabla yake Cicero, Mrumi asiyekuwa Mkristo, aliuliza karibu swali hilohilo, naye akaona kwamba kuficha si haki. Thoma, mtakatifu, ni mpole zaidi: kwa haki tupu halazimiki, ila akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda wema mkubwa zaidi. Darasa huwa linagawanyika papo hapo, na mara nyingi mpagani anapata kura nyingi kuliko mtakatifu.

Hapo nauliza: kangomba je? Wageni mliotoka mbali, kangomba ni ununuzi wa korosho wa kichochoro. Mkulima amekwama, msimu bado, ada inadaiwa, salfa ya kupulizia mikorosho haijanunuliwa. Anakuja mtu na pesa mkononi. Korosho zikianguka, anazichukua kwa bei yake na kwa kipimo chake, wakati wakulima wengine wanapeleka zao ghalani kusubiri mnada. Darasa zima linaamka. Aliyelala nyuma anaamka. Mtoto wa Tandahimba hahitaji kuelezwa mfano.

Mmoja atasema, "Mkulima alikubali mwenyewe, hakushikiwa panga." Hoja nzuri, na simzimi. Namwambia aijenge mpaka isimame. Kisha tunafungua Thoma tena, mahali anapouliza kama inaruhusiwa kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake. Anasema kwamba mnunuzi akiwa na shida kubwa ya kile kitu, na muuzaji hapati hasara ya pekee kwa kuachana nacho, muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya ile shida, maana hakuna anayeruhusiwa kuuza kisicho chake. Shida ya mwenzio si mali yako. Geuza upande, mnunuzi awe ndiye mwenye nguvu, utaona kangomba imekaa wapi. Halafu tunasoma waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi: anayekubali masharti magumu kwa sababu ya dhiki, au kwa kuogopa baya zaidi, ametendewa kwa nguvu na kwa dhuluma, hata kama alisema ndiyo. Yule wa panga anakaa kimya kidogo. Kisha anauliza, "Na anayemkopesha jirani kwa nia njema je?" Na tunaanza upya. Siku hiyo sihitaji kuita mahudhurio.

Nusu ya darasa langu huwa ni Waislamu, wakati mwingine zaidi. Hii ni pwani ya kusini. Watu huniuliza kama haiwi tabu. Thoma hawezi kufundishwa bila Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyemtangulia. Katika kijitabu alichoandika akiwa bado kijana, kuhusu tofauti ya "kitu ni nini" na "kitu kipo", Ibn Sina anatajwa mwanzoni kabisa. Ibn Rushd wa Cordoba, Mwislamu mwingine aliyefafanua vitabu vya Aristotle, mara nyingi hamwiti hata kwa jina, anamwita Mfafanuzi tu, kwa heshima, na bado anampinga vikali. Mwanafunzi wangu kutoka Mikindani aliyesoma madrasa ana mlango wake wa kuingilia, na mara nyingi anaingia kabla ya waseminari. Nikisikia "haya ni mambo ya Wazungu", nawakumbusha pia kwamba Augustino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alizaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria.

Lipo swali la historia, nalo silikwepi. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, na misheni ya Ndanda ikaanzishwa mwaka uliofuata. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini watu wa hapa waliiona misheni na serikali ya Wajerumani kuwa kitu kimoja ana haki ya kupata saa nzima, na mimi humpa.

Je, nawaambia kwamba mimi ni Mkatoliki? Nawaambia siku ya kwanza. Wanajua ninakosali. Kuficha kungekuwa ujanja. Ila kwenye mtihani kanuni ni moja: andika hoja ya mpinzani wako hivi kwamba yeye mwenyewe akiisoma aseme, "Ndivyo hasa ninavyomaanisha." Asiyefika hapo hapati alama za jibu lake, hata liwe sahihi kama Nasadiki, kanuni yetu ya imani.

Baada ya kipindi cha kangomba mwaka fulani, binti mmoja alinisubiri nje. Akasema, "Mwalimu, baba yangu ndiye mnunuzi. Ada yangu inatoka huko." Sikuwa na neno la haraka. Nikamwambia, kama anaweza, aliweke hilo kuwa pingamizi la kwanza la insha yake. Aliandika kurasa sita. Pingamizi lilichukua nne. Jibu lake lilikuwa na nguvu, lakini mpaka leo naona pingamizi limelishinda kidogo, na nilimwandikia hivyo pembeni.

Kipaza sauti kiko pale kwa katibu. Anayenikataa aanze.