Rekodi ya Ulevi Barabarani Marekani: Uanzie Dirisha Gani?

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na dada zangu, habari za jioni.

Tarehe 2 Novemba 2000, siku 5 kabla ya Wamarekani kumpigia kura rais, kituo kimoja cha televisheni cha Portland, jimbo la Maine, kilitangaza kwamba mgombea George W. Bush aliwahi kukamatwa akiendesha gari huku amelewa. Ilikuwa Septemba 1976, mjini Kennebunkport, karibu na nyumba ya mapumziko ya familia yao. Alikiri kosa, akatozwa faini ya dola 150 na kuzuiwa kuendesha gari katika jimbo hilo kwa muda. Sasa angalieni: Bush alikuwa gavana wa Texas. Waandishi wa nchi nzima walikuwa wamemchimbua kwa miezi na miezi. Karatasi yenyewe ilikuwa imetulia Maine, miaka 24.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu karibu kila anayenifuata na suala hili huuliza: "Nitapataje rekodi ya ulevi ya fulani?" Kana kwamba lipo kabati moja Washington, ukilifungua unayakuta majina yote. Halipo. Usiku mmoja wa kukamatwa huzaa makaratasi katika ofisi 3 au 4 ambazo hata zenyewe hazisomani vizuri: polisi, jela ya kaunti, idara ya leseni, mahakama. Kila moja ina dirisha lake, ada yake, na sheria yake ya nani aone nini. Na nyingi kati yake ziko mahali tukio lilipotokea, si mahali mtu anapoishi. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, jiulize unataka kujua nini hasa. Je, alikamatwa? Leseni yake ikoje leo? Au kesi iliishaje?

Hata jina la kosa hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. California na Florida wanasema DUI. Texas na New York ni DWI. Ohio ni OVI, Wisconsin na Michigan OWI, Massachusetts OUI. Ukimwambia karani wa Ohio unatafuta DWI atakuelewa, lakini kompyuta haitakuelewa.

Tuanze na polisi, na hapa nitapita haraka. Taarifa ya kukamatwa, picha za kamera ya gari au ya kifuani, matokeo ya kipimo cha pumzi: hivyo huombwa kwa sheria ya jimbo ya kumbukumbu za umma. Watu wengi huandika barua wakitaja FOIA, sheria ya 1966 ya uhuru wa kupata habari. Hiyo inahusu ofisi za serikali kuu tu; askari wa kaunti haimgusi. New York taja FOIL, nao wanapaswa kukujibu kwamba wamepokea ombi ndani ya siku 5 za kazi. California taja Public Records Act. Texas taja Public Information Act. Kesi ikiwa bado inaendelea, tegemea kunyimwa au kupewa karatasi yenye mistari myeusi mingi.

Ila karatasi ya polisi inasimulia usiku ule tu, haijui asubuhi ilileta nini. Mchezaji gofu Tiger Woods alikutwa amelala ndani ya gari lake huko Jupiter, Florida, Mei 2017. Akakamatwa kwa DUI, picha yake ikazunguka dunia nzima. Kipimo cha pumzi kilitoa sifuri. Hakukuwa na pombe, alisema ni mchanganyiko wa dawa. Oktoba mwaka huohuo akakiri kosa la kuendesha bila uangalifu, si DUI. Mwenye karatasi ya polisi peke yake atakuambia jambo moja, mwenye karatasi ya mahakama atakuambia jingine, na wote wawili hawasemi uongo.

Dirisha la pili ni idara ya leseni, ambayo majimbo mengi huiita DMV. Hapa adhabu hutembea kwa njia yake, bila kungoja hakimu. Ukikataa kupimwa, au ukipimwa ukakutwa na kiwango cha pombe kwenye damu cha asilimia 0.08 (Utah ni 0.05 tangu mwisho wa 2018), leseni inaweza kusimamishwa hata kama mwendesha mashtaka baadaye ataifuta kesi. California hukupa siku 10 tu kuomba kusikilizwa. Muda wa kumbukumbu nao kila jimbo na lake: California miaka 10, Florida miaka 75. Mzee hapa mbele anacheka, lakini ndivyo ilivyo, 75.

Rekodi yako mwenyewe ni rahisi kuipata: nenda na kitambulisho, lipa ada ndogo, uchague aina sahihi. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu aina ya bei rahisi mara nyingi huonyesha miaka michache tu. Sema unataka ile kamili. Ukiitaka kwa ajili ya wakili au uhamiaji, sema iwe na muhuri.

Rekodi ya leseni ya mtu mwingine ni habari tofauti. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Muuaji alimlipa mpelelezi binafsi, naye akaipata anwani yake kutoka idara ya leseni ya California. Kifo hicho ni miongoni mwa sababu zilizolifanya Bunge la Marekani lipitishe, mwaka 1994, sheria ya faragha ya madereva, DPPA. Tangu hapo, katika majimbo mengi, huwezi kwenda dirishani ukasema nataka rekodi ya jirani yangu. Sababu zinazokubalika zimeandikwa: bima, mahakama, mwajiri wa madereva wa malori, na nyingine kama hizo. Wivu haumo. Uchumba haumo pia, labda mchumba akuletee mwenyewe au akupe idhini ya maandishi.

Haya. Dirisha la tatu, ambalo mimi ningeanzia nalo karibu kila mara: karani wa mahakama. Ajabu ya nchi hii ni kwamba tukio lilelile ambalo idara ya leseni inakuficha, mahakama inakufungulia. Kesi husikilizwa hadharani, na jalada lake kwa kawaida ni la umma. Wisconsin, Maryland, Missouri na Oklahoma zina tovuti za mahakama ambapo unaandika jina na kusoma mwenendo wa kesi bila kulipa senti. New York, kwa upande wake, utafutaji rasmi wa jinai kwa jimbo zima ni dola 95 kwa kila jina. Kwingine utakwenda kaunti kwa kaunti.

Ukilifungua jalada usikimbilie kusoma mashtaka. Shuka chini mpaka neno disposition, yaani kesi iliishaje. Dismissed: imefutwa. Nolle prosequi: mwendesha mashtaka ameacha kuendelea. Guilty, basi unajua. Reduced au amended: kosa limeshushwa, na hapo soma kifungu kipya kwa makini. California, mtu akikiri reckless driving, yaani kuendesha bila uangalifu, chini ya kifungu 23103.5 cha sheria ya magari, jina la kosa halitaji pombe, lakini akirudia ndani ya miaka 10 lile la kwanza huhesabiwa kama ulevi. Anayejua nambari ya kifungu anaona, asiyejua anapita.

Tena yapo majimbo ambapo kosa hili si jinai hata kidogo. New Jersey ni kosa la barabarani, linasikilizwa mahakama ya manispaa. Wisconsin kosa la kwanza kwa kawaida ni la madai, unalipa na kunyang'anywa leseni. Kwa hiyo ukitafuta "rekodi ya jinai" ya mtu wa huko ukakuta patupu, usiseme ni msafi.

Na yakitokea ndani ya hifadhi ya taifa au kambi ya jeshi, kesi huenda mahakama ya serikali kuu. Huko unatafuta kwenye PACER, tovuti ya majalada ya mahakama za serikali kuu, senti 10 kwa ukurasa, haizidi dola 3 kwa hati, na usipozidi dola 30 katika miezi 3 hulipi kitu. Ila makosa madogo mengi ya huko hayafiki PACER, huishia ofisi ya tiketi za serikali kuu.

Sasa naomba simu ziwekwe chini, kwa sababu hili linatuhusu sisi hasa. Majina yetu. Juma Hamisi Salum ameandikwa Salum, Juma kwenye leseni, Hamisi, Juma kwenye tiketi ya polisi, na Jumah Salim kule mahakamani. Tafuta kwa mpangilio wote, na tafuta kwa herufi za mwanzo. Halafu kuna ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi: ofisa alipokosa tarehe ya kuzaliwa akaandika Januari 1. Sasa wako watu wengi wenye jina moja na "waliozaliwa" siku moja. Kampuni za kuchunguza waombaji kazi hufananisha jina na tarehe, basi; ulevi wa Salum wa Ohio unamwangukia Salum wa Minnesota ambaye hajawahi kuonja. Likikupata hilo una haki chini ya FCRA, sheria ya 1970 inayohusu ripoti za kampuni kama hizo. Mwajiri alipaswa kuomba idhini yako kwa maandishi, na kabla ya kukunyima kazi akupe nakala ya ripoti. Pinga kwa barua kwa kampuni iliyotoa ripoti, nayo ina siku 30 kuchunguza. Ambatanisha barua ya karani, kama utaipata, inayosema kwamba jina na tarehe yako havimo katika kesi ile.

Zile tovuti zinazouza "rekodi zote za mtu kwa dola kadhaa" sizipendi, na sifichi. Nyingi zimechota data ya zamani, na zenyewe huandika kwa maandishi madogo kwamba zisitumike kwa ajira wala kupangisha nyumba. Ukipata dokezo huko, rudi kwa karani ulithibitishe.

Madereva wa malori nawaona mmejaa upande ule. Ninyi mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Clearinghouse, daftari la mtandaoni la serikali kuu lililoanza Januari 6, 2020, linahifadhi kufeli vipimo vya kazini vya pombe na dawa za kulevya, na kukataa kupimwa. Ingia kwa akaunti yako ujisome, bure. Lakini hukumu ya ulevi katika gari lako la nyumbani, siku ya mapumziko, inakaa kwenye rekodi ya leseni, na inakuondoa kwenye lori mwaka mmoja kwa kosa la kwanza. La pili, ni kwa maisha yako yote. Kama umewahi kusimamishiwa leseni jimbo jingine ukasahau, ipo National Driver Register, orodha ya serikali kuu. Tuma ombi kwa barua iliyosainiwa mbele ya notari, hawatozi. Haitakusimulia kisa, itakuonyesha tu ni jimbo gani lenye jalada, nawe unalifuata huko.

Nimepokea karatasi yenye swali wakati naongea, ngoja nilijibu hapa. Dada anauliza: mume wake alikamatwa miaka mingi iliyopita, kesi ikafutwa na jalada likafungwa, sasa anajaza N-400, fomu ya kuomba uraia. Je, aandike?

Aandike. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, si kama ulipatikana na hatia, na kufungiwa jalada na jimbo hakumfungi macho ofisa wa uhamiaji, kwa sababu alama za vidole ziko FBI. Kwa dola 18 anaweza kuomba ripoti yake mwenyewe ya FBI aone wanachokiona wao. Kisha aende kwa karani wa mahakama ileile, aseme maneno haya kwa Kiingereza: certified disposition, yaani hati yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Jalada likiwa limefungwa, mwenyewe au wakili wake anaweza kuhitaji ruhusa ya hakimu kulifungua. Likiwa limeteketezwa kwa umri, aombe barua ya karani yenye muhuri inayosema limetafutwa na halipo. Na kama ni hukumu 2 au zaidi za kuendesha akiwa amelewa ndani ya kipindi kinachoangaliwa, asijaze peke yake: tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani katika kesi ya Castillo-Perez, 2019, mtu huyo huchukuliwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vinginevyo. Hapo aende kwa wakili wa uhamiaji, akiwa na karatasi za mahakama mkononi, kabla fomu haijatumwa.