Magadi Kwenye Makande ya Mama

NAI: Habari za saa hizi, wapendwa wasikilizaji. Kaka Eli, mgongo unasemaje?

ELI: Unaniuma, dada. Juzi nimepigwa eksirei. Daktari akaitazama picha kwa muda mrefu, pingili za uti wa mgongo zote nyeupe pee, akaniuliza, "Umekulia wapi?" Nikasema Ngarenanyuki, kule Arusha. Akaniambia nicheke, aone meno.

NAI: Floraidi, yale madini ya kwenye maji.

ELI: Ndiyo. Meno inayashika utotoni, yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Lakini mifupa inaendelea kuihifadhi, mpaka viungo vinakakamaa.

NAI: Pole sana. Leo tumepanga kuongelea mazoezi, dawa za maumivu, na maji ya watoto. Tuanze na mazoezi.

ELI: Subiri kidogo. Nimetoka hospitali nikapitia kwa mama, nikamkuta anapika makande. Akavunja kipande cha magadi, akatumbukiza.

NAI: Nawe ukanyamaza?

ELI: Nikala.

NAI: Kaka! Magadi yana floraidi! Loweka mahindi na maharage usiku kucha, yataiva tu.

ELI: Bila magadi? Hayo utakula Pasaka.

NAI: Kwangu yanaiva.

ELI: Kwako kuna gesi. Pasaka, dada!

NAI: Wajukuu wanakula sufuria hiyo hiyo. Mimi ningemwambia palepale.

ELI: Mama alikuwa anabeba kuni kichwani, magadi yalimpunguzia safari. Leo nimwambie yeye ndiye kaniharibu mgongo? Tatizo ni maji. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4. Chemchemi za kwetu zinapita hata hapo.

NAI: Kuna vijiji maji yake yana floraidi kidogo, na watafiti wamekuta watoto wana meno ya kahawia. Huko utalaumu chemchemi gani? Ni magadi.

ELI: Ukishaanza na magadi, mwenye kuleta bomba anapumua. Lawama zote zinahamia kwa akina mama.

NAI: Sijamlaumu mtu. Bomba likichelewa miaka kumi, mtoto atakuwa ameshaota meno yote. Magadi unaacha leo.

ELI: Hapo hatuelewani.

NAI: Hatuelewani kabisa. Na fundi ananionyesha saa.

ELI: Mazoezi je?

NAI: Hayapo tena. Haraka haraka: kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nendeni mkaulize.

ELI: Na dawa za maumivu—

NAI: Muda umekwisha. Jumapili nakuja kwa mama na maharage niliyoloweka.

ELI: Njoo, lakini magadi humkatazi mbele yangu.

NAI: Nitamkataza.